Tanki la Pili

Wenzangu wengi wameandika katika ukurasa huu wa Kiswahili juu ya mpira, kwaya na safari za likizo. Mimi nataka kueleza juu ya kitu cha chuma nilichokiona kikitengenezwa kwetu Kinama, yaani tanki la pili la mafuta ambalo watu hulifunga chini ya motokaa. Nimelichagua jambo hili kwa sababu mbili. Ya kwanza, wako miongoni mwetu wanaotaka kuwa mafundi na mainjinia, nao watapenda kujua kazi hiyo hufanywaje. Ya pili, matanki haya yalileta shauri kubwa nyumbani kwetu na katika mtaa, na mpaka leo watu hawajapatana kama ni mema au mabaya.

Kwanza yafaa tujiulize tanki la pili ni la kazi gani. Chukueni mfano wa Land Cruiser ya muundo wa 80, ambayo ilianza kutengenezwa mwaka 1990. Tanki lake ni la lita 95. Ile yenye injini ya mazutu, ndivyo sisi tuitavyo dizeli, ya silinda 6 na lita 4.2, hula kama lita 13 kwa kila kilomita 100. Fanyeni hesabu wenyewe, mtaona kwamba tanki moja laipeleka kama kilomita 730. Huko Australia mwendo huo hautoshi. Iko njia ya jangwani iitwayo Canning Stock Route, urefu wake kama kilomita 1,850, na msafiri huenda siku nyingi asione pompu ya mafuta. Tena katika mchanga motokaa hula zaidi. Kwa hiyo viwanda vya huko hutengeneza matanki ya kuongeza, na wasafiri huyanunua kama vile sisi tununuavyo kibuyu cha maji. Zamani, kabla ya matanki hayo, mafuta yalitangulizwa njiani. Msafara wa Citroën uliovuka Afrika mwaka 1924 na 1925, ukianzia Colomb-Béchar katika Algeria, uliwekewa maghala ya mafuta na vyakula kabla wasafiri hawajafika.

Lakini Burundi yetu ni nchi ndogo, eneo lake kilomita za mraba 27,834. Kutoka Bujumbura mpaka Gitega ni kama kilomita 100, wala sijui mji wetu wo wote ulio mbali na Bujumbura kilomita 300 kwa barabara. Mtu aweza kwenda Kirundo au Cankuzo na kurudi kwa tanki moja. Basi, watu wa Kinama waliyatakia nini matanki mawili?

Waliyataka kwa sababu ya ukosefu wa mafuta. Nchi yetu haina visima vya mafuta wala kiwanda cha kuyasafisha. Mafuta tunayotumia hutoka nje, na mengi hushushwa bandarini Dar es Salaam, kisha huletwa na malori kwa mwendo wa kama kilomita 1,500. Hununuliwa kwa fedha za kigeni, na fedha hizo zikipungua, malori nayo hupungua. Tangu mwaka 2022 shida hiyo ilizidi, na mwaka 2024 na 2025 ilikuwa kali sana. Ikisikiwa tu kwamba stesheni fulani imepata mafuta, motokaa zilipangwa mstari usioonekana mwisho wake. Nyingine zilisukumwa kwa mikono kwa kuwa hazikuwa na tone. Madereva walilala ndani siku mbili, siku tatu. Jioni barabara itokayo mjini kuja Kamenge na Kinama ilijaa watu wa miguu, akina mama na mizigo yao, makarani na viatu vyao mikononi. Sisi wanafunzi tulitembea pamoja nao. Katika hali hiyo, mwenye tanki kubwa akifikiwa na zamu yake mara moja, aliweza kukaa mwezi mzima asirudi mstarini.

Mjomba wangu ni fundi wa motokaa, na garaji yake ni uwanja mdogo wenye mwembe na kibanda cha mabati. Likizo ya 2024 nilikuwa nikimsaidia. Kazi ilikuwa haba, maana motokaa isiyotembea haiharibiki. Siku moja akaja mzee wa mtaa wetu mwenye Land Cruiser ya namna ile niliyoitaja. Kazi yake ni kuchukua bidhaa na abiria mikoani, hata katika vijiji ambako motokaa ndogo hazifiki wakati wa mvua. Alitaka tanki la pili. Wakapatana bei, nasi tukaanza.

Kwanza mjomba alilala chini ya motokaa na kamba yake ya kupimia. Nyuma, kati ya vyuma viwili virefu vya chasisi, hukaa gurudumu la akiba. Alilitoa, akalihamishia nyuma kwenye chuma imara, na mahali pale pakawa pa tanki. Vipimo vilikuwa sentimita 80 kwa 50 kwa 20. Hapo nikakumbuka somo letu la hesabu, nikamwambia: "Mjomba, ni lita 80 kamili." Akanijibu: "Ni 76, mpwa wangu. Tanki lisiloachiwa nafasi litatapika." Baadaye nilihesabu, nikaona ana haki. Mazutu yakitoka ardhini kwenye baridi ya alfajiri, kisha yakipata joto la mchana, huongezeka. Lita 80 zikizidi joto digrii 20 huongezeka kwa lita moja na robo na zaidi. Kwa sababu hiyo tanki hupewa pia bomba la kupumulia, jembamba, linalopanda juu kuliko kizibo. Motokaa ikitoka hapa ziwani, kama mita 800 juu ya bahari, na kupanda mpaka Bugarama, zaidi ya mita 2,000, hewa ya nje hupungua nguvu, na hewa iliyofungwa tankini hutafuta pa kutokea. Na injini ikinyonya mafuta, sharti hewa nyingine iingie mahali pake, ama sivyo mafuta hayaji.

Bati lilikuwa la chuma, unene wake milimita mbili. Mtu mmoja alimletea mjomba bati la kuezekea, ati ni rahisi. Alilikataa, kwani bati hilo limepakwa zinki, na zinki haipatani na mazutu: hutokea uchafu kama sabuni unaoziba vichujio. Pipa kuukuu nalo alilikataa kwa sababu ya kutu. Ndani ya tanki aliweka kuta mbili zenye matundu. Mimi sikufahamu faida yake mpaka aliponipa ndoo ya maji nusu, akaniambia nikimbie nikate kona. Maji yaliniloanisha miguu. Basi fikirini kilo 60 na zaidi za mafuta zikienda huku na huku katika kona za barabara ya Bugarama. Kuta zile huyapunguza mbio mafuta, na dereva hasikii motokaa ikivutwa upande.

Kazi yote ya kuchomelea ilifanywa mbali na motokaa. Tanki lilipokwisha, tulilipima. Tuliziba matundu yote isipokuwa moja, tukalijaza hewa kidogo tu kwa pompu ya velo, maana hewa nyingi hulitunisha bati, kisha tukapaka povu la sabuni kwenye maungio. Pembeni pakatoka mapovu madogo kama ya samaki. Mjomba akachomelea tena, tukapaka tena, na safari hii povu likatulia. Halafu alilifunga tanki kwa bolti na mikanda ya chuma iliyotiwa mpira chini, ili lisisuguane na chasisi, na akaliweka mbali na bomba la moshi.

Limebaki jambo moja ambalo wenye haraka hulikosea. Injini ya mazutu hunyonya mafuta mengi kuliko inayotumia, na yale yanayobaki huyarudisha tankini kwa bomba jingine. Mtu akiunganisha tanki la pili moja kwa moja na injini, huku bomba la kurudishia bado liko kwenye tanki la kwanza, tanki la kwanza litafurika na kumwaga njiani. Mjomba alifuata njia nyepesi. Tanki la pili halikuunganishwa na injini kabisa. Lina pompu ndogo ya umeme na kichujio chake, na dereva akibonyeza kitufe, mafuta huhamia tanki la kwanza polepole. Chini kabisa pana kizibo cha kutolea maji. Tanki likiwa limejaa, pamoja na vyuma vyake, ni kama kilo 95 zilizoongezwa nyuma, kwa hiyo mzee aliambiwa apunguze mzigo kwa kiasi hicho, asije akavunja springi.

Baada ya kazi hiyo habari zilienea, na wateja wakaja. Mmoja alikuwa bwana mwenye basi dogo linalotumia esanse, yaani petroli. Yeye alitaka tanki la lita 200 chini ya viti vya abiria, lisionekane kwa nje, lenye mpira mrefu wa kutolea mafuta. Hakuficha nia yake. Angejaza stesheni kwa bei ya serikali, kisha angeyauza usiku kwa chupa na bidoni. Malipo aliyotaja yalikuwa mara mbili ya yale ya mzee.

Mjomba akamwambia: "Bwana, tanki la esanse chini ya viti vya watu mimi silitengenezi."

Yule bwana akasema: "Fundi, usipolitengeneza wewe, mwingine atalitengeneza."

"Huenda. Lakini si kwa mikono hii."

Hapa yanipasa kueleza tofauti ya mafuta haya mawili, maana wengi huyachanganya. Mvuke wa mazutu hauwezi kushika moto mpaka mafuta yenyewe yapate joto la digrii 50 na zaidi. Esanse hutoa mvuke unaowaka hata katika baridi kali kama digrii 40 chini ya sifuri. Tena mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini kama maji, huingia chumba cha pili, na huko hukuta jiko la makaa. Ng'ambo ya mto Rusizi, katika bonde hili hili letu, kiko kijiji cha Sange. Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilianguka pale, mafuta yakamwagika, na moto ukaua watu zaidi ya 230, wengine wakiwa wamekusanyika kutazama mpira wa Kombe la Dunia. Huko Morogoro, Tanzania, tarehe 10 Agosti 2019, lori jingine lilianguka, watu wakaja na bidoni kuchota, moto ukalipuka, na waliokufa walipita mia moja. Waliokufa hawakuwa wajinga. Mafuta ni fedha, na fedha ikimwagika njiani ni vigumu mtu kupita tu.

Mama alipozisikia habari za yule bwana wa basi alikasirika. Dada yangu mdogo alikuwa akingojea karo, na mjomba ndiye aliyeahidi kuilipa. Mama akamwambia: "Kaka, moyo wako mwema utampeleka mtoto darasani?" Mjomba hakujibu, akatazama chini. Shule zilipofunguliwa mwezi wa Septemba, dada alikaa nyumbani majuma mawili mpaka fedha ilipopatikana. Nilimwona akiosha vyombo asubuhi wakati wenzake wakipita na sare zao. Na yule bwana alipata fundi mwingine kabla ya juma kwisha. Kwa hiyo msinitake niwaambie kwamba wema ule ulilipwa upesi. Ulikuwa na gharama, na aliyeilipa ni mtoto ambaye hakuulizwa.

Mzee mwenye Land Cruiser naye hakupona maneno. Watu waliokuwa wakitembea kwa miguu walimwita mlimbikizi. Jirani yetu mmoja, mwalimu, alitufanyia hesabu ubaoni kwake. Stesheni ikipata lita 5,000, na kila motokaa ikichukua 50, motokaa 100 zitapata. Kila moja ikichukua 150, zitapata 33 tu, na zile 67 zitarudi bure. Lita ni zile zile. Tanki la pili haliongezi hata tone moja katika nchi. Hubadilisha tu nani apate na nani akose. Tena mtu aliyekosa leo, kesho naye atatafuta tanki kubwa ili asikose tena. Hivyo hofu ya uhaba huuzidisha uhaba. Hesabu hiyo sijaona kosa lake.

Kisha usiku mmoja wa mwezi wa Februari 2025, jirani yetu, mama mjamzito, alishikwa na uchungu kabla ya siku zake, na mambo yalikuwa mabaya. Mumewe alikimbia nyumba hadi nyumba. Motokaa zilikuwapo nne katika barabara yetu, tatu za esanse, zote kavu. Gari la wagonjwa halikupatikana. Wakaenda kumwamsha yule mzee. Tanki lake la kwanza lilikuwa karibu tupu, lakini la pili lilikuwa na mazutu. Nilikuwapo mimi mwenyewe. Tulisimama gizani tukisikiliza ile pompu ndogo ikinguruma, mafuta yakihama, na kila dakika ilikuwa ndefu. Mzee hakuuliza fedha. Kabla ya mapambazuko mama yule alijifungua mtoto wa kike hospitalini, na wote wawili wakapona.

Siku ya pili watu wengine walimsifu mzee kupita kiasi, hata wale waliomtukana. Mwalimu wetu hakubadili neno. Alisema: "Nafurahi mtoto amezaliwa. Lakini kama kila mtu angechukua kiasi chake, huenda gari la wagonjwa lingepata mafuta." Wakubwa walibishana mpaka jua likachwa.

Mimi nimewaza hivi. Mwalimu ana haki kwa nchi nzima, na mzee ana haki kwa usiku ule. Watu hawawezi kungoja nchi itengenezwe ndipo mama ajifungue. Lakini akiba iliyosaidia usiku ule ilisaidia kwa sababu mlango ulifunguliwa. Lita zile zile, zikiwa katika basi la bwana yule, zingekuwa zimekwisha uzwa kwa chupa, au zingefichwa mpaka bei ipande. Matanki yote mawili hutengenezwa kwa chuma kile kile. Kwa hiyo fundi anapopima nafasi chini ya motokaa, yampasa aulize pia mafuta yatakwenda wapi na nani atakaa juu yake.

Mzee mwenyewe alikata shauri siku chache baadaye. Aliwaambia watu wa barabara yetu kwamba lita 20 za mwisho za tanki la pili si zake tena. Ni za mgonjwa ye yote, mchana au usiku. Mjomba akapaka alama nyekundu kwenye kipimo cha tanki, mahali zinapoanza lita hizo. Tangu hapo maneno ya ulimbikizi yamepungua, ingawa hayajakwisha. Mama naye na mjomba wamerudi kuzungumza vizuri, lakini mama husema bado kwamba majuma mawili ya mtoto hayarudishwi, nami sina la kumpinga.

Kwa wanafunzi wa zamani wanaosoma gazeti hili, ambao wengine wana motokaa zao, nawapa maneno machache ya fundi. Msinunue tanki la bati la zinki wala la pipa kuukuu. Msikubali tanki lisilo na bomba la kupumulia. Esanse msiiweke ndani ya nyumba wala chini ya viti vya watu. Na wahenga walisema akiba haiozi, lakini hawakuyajua mazutu. Yakikaa miezi mingi, unyevu wa hewa hugeuka maji chini ya tanki, na katika maji hayo huota utelezi mweusi unaoziba vichujio. Basi fungueni kile kizibo cha chini kila mwezi, mtoe maji. Na yale mazutu ya zamani yatumieni kwanza, au mpeni jirani anayeyahitaji.